Nimelelewa nikifundishwa kutoiamini akili yangu: je, mtu mzima anaweza kujifunza upya?

Swali, kutoka kwa Binti Kasulu

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba kuuliza jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu nikilifupisha litaonekana kuwa ni aibu ya kawaida tu.

Nilizaliwa na kukulia mkoani Kigoma, ndani ya kundi la kidini lililojitenga na kanisa kubwa kabla sijazaliwa. Jina lake sitalitaja, kwani wazazi wangu na mdogo wangu bado wamo. Kiongozi tulimwita Baba, na hakuna jambo la nyumbani lililoamuliwa bila yeye: mtoto gani aendelee na shule, nani amwoe nani, mgonjwa yupi apelekwe zahanati na yupi aombewe tu. Kila Ijumaa jioni sisi watoto tulipangwa mstari, tukaeleza ndoto tulizoota na mawazo yaliyotujia katikati ya juma, naye akatuambia lipi limetoka kwa Mungu na lipi kwa adui. Nikiuliza swali, niliambiwa nina roho ya ubishi. Nikilia, niliambiwa sina shukrani. Nikisema nina njaa wakati wa mfungo, niliambiwa kwamba anayesema si mimi. Andiko tulilolisikia kuliko yote lilikuwa lile la Mithali, "wala usizitegemee akili zako mwenyewe", na kwetu akili za kutegemewa zilikuwa za mtu mmoja.

Niliondoka nilipopata nafasi ya chuo, kwa msaada wa shangazi yangu ambaye hakuwahi kujiunga nao. Leo ninafanya kazi ya uhasibu Morogoro, na anayenitazama kwa nje atadhani mambo yalikwisha. Hayajaisha. Siwezi kufunga hesabu za mwezi bila kumwomba mwenzangu azipitie, hata kama kazi hiyo nilimfundisha mimi. Nikienda dukani kununua kitambaa, nampigia shangazi simu. Mtu akinikosea waziwazi, haipiti saa moja kabla sijajishawishi kwamba niliyoyaona sikuyaona. Na sasa kuna mtu ameleta posa. Watu wananiuliza kama ninampenda, nami nikijitazama ndani sipati jibu, kwa kuwa sijui sauti ipi ni yangu na ipi ni ile niliyopandikizwa.

Ninachouliza ni hiki: je, hii ni tabia yangu ya kuzaliwa au ni matokeo ya malezi yale? Na kama ni malezi, mtu aliyekwisha kuwa mtu mzima anaanzia wapi?

Jibu la Mnasihi Dodoma

Pole sana, dada, na asante kwa kueleza kwa uwazi. Ninafanya kazi ya unasihi, na watu wenye historia inayofanana na yako nimewapokea mara kwa mara, wengine kutoka makundi ya dini, wengine kutoka nyumba ambazo mzazi mmoja alikuwa ndiye sheria, mahakama na polisi.

Sioni katika maelezo yako dalili yoyote kwamba ulizaliwa hivyo. Kuiamini hukumu yako mwenyewe ni jambo linalojengwa utotoni kwa tukio dogo linalorudiwa maelfu ya mara: mtoto anahisi kitu, anakisema, na mkubwa aliye karibu anamthibitishia kwamba amehisi sawasawa. Anasema anaona baridi, anavikwa sweta. Anasema babu leo amenuna, mama anamjibu kwamba ni kweli, babu ana maumivu ya mgongo. Mwanasaikolojia Erik Erikson, alipoandika mwaka 1950 kuhusu hatua za ukuaji, aliiweka mapema sana hatua ambayo mtoto ama anapata ujasiri wa kutenda kwa hiari yake, ama anabaki na aibu na shaka juu ya nafsi yake. Hakumaanisha kwamba mtoto aachwe afanye apendavyo. Alimaanisha kwamba hata anapokatazwa, asifanywe aone kuwa kutaka kwenyewe ni uchafu.

Kwako mnyororo huo ulikatwa kila siku. Ulihisi njaa, ukaambiwa anayehisi si wewe. Sasa zingatia jinsi mtoto anavyofikiri. Hawezi kuhitimisha kwamba mkubwa amekosea, kwa sababu mkubwa huyo ndiye anayemlisha na kumlaza, na dunia ambamo wakubwa wote wamepotoka inatisha mno kwa mtu wa miaka sita. Kwa hiyo anachagua hitimisho lisilotisha sana, kwamba tatizo liko ndani yake mwenyewe. Wakati huo hitimisho hilo lilikuwa njia ya kuishi kwa amani na watu uliowahitaji. Shida ni kwamba lilibaki hata baada ya wewe kuondoka.

Kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, ambaye kati ya mwaka 1954 na 1955 aliwahoji huko Hong Kong watu waliopitia mafunzo ya kubadilisha fikra nchini China, na mwaka 1961 akaeleza sifa za mazingira yanayotawala mawazo ya binadamu. Mbili kati yake naziona waziwazi katika barua yako. Moja ni kule kulazimishwa kuungama bila kikomo, hata mambo ambayo hayajawa kosa, ndiyo ile Ijumaa yenu ya ndoto. Nyingine ni mafundisho kuwekwa juu ya mtu: yanapopingana na alichokiona mtu kwa macho yake, kinachokanushwa ni macho. Tofauti yako na wale aliowahoji ni kwamba wao walikuwa watu wazima walipoingia humo, na walikuwa na nafsi ya zamani ya kuirudia. Wewe huna ya kurudia. Unaijenga kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana ushauri wa kwamba "uwe tu kama ulivyokuwa" haukufai.

Usijione dhaifu. Mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha mwaka 1951 majaribio ambamo mtu mmoja aliketishwa na kundi dogo lililokwisha kupangwa, wakaonyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana kwa urefu na mwingine. Mtu akiwa peke yake karibu hakosei kabisa. Lakini kundi lilipotoa kwa kauli moja jibu lisilo sahihi, takriban theluthi moja ya majibu ya wale waliokuwa wakijaribiwa yalifuata kosa hilo, na karibu robo tatu yao walilifuata angalau mara moja. Hao walikuwa vijana wa chuo, mbele ya wageni, kwa dakika chache, na kosa lilikuwa la wazi. Wewe ulikuwa mtoto mbele ya wazazi wako, kwa miaka yote ya kukua. Ninalotaka ulishike katika majaribio hayo ni hili: palipokuwa na mtu mmoja tu pembeni aliyetoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua sana, hadi kiasi cha robo ya ilivyokuwa. Mtu mmoja tu. Shangazi yako alikuwa mtu huyo, na nadhani ndiyo sababu unampigia simu hata kwa kitambaa.

Kuhusu mahali pa kuanzia, usianze na posa. Mguu uliokaa muda mrefu ndani ya plasta hukonda misuli, na anayeutoa hapelekwi kubeba gunia siku hiyo hiyo. Anza na maamuzi ambayo matokeo yake utayaona mapema na ambayo ukikosea hakuna atakayeumia. Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, andika kwenye daftari unavyoona wewe na kwa nini, kisha ukipenda uliza, halafu baadaye urudi uone ilikuwaje. Wewe ni mhasibu: hesabu zako za mwezi, mwenzako amezipitia mara nyingi. Zilikutwa na makosa mangapi? Sikutumii swali hilo ili nikusifu. Ni ushahidi ulio nao mezani ambao hujawahi kuruhusiwa kuuhesabu kuwa ushahidi.

Jibu la Mzee wa Ukerewe

Binti yangu, nakupa pole, na kiongozi wenu alikosea kujifanya Mungu. Lakini nina wasiwasi na mwelekeo wa jibu lililotangulia. Sisi tumelelewa kutii wakubwa na hatukuharibika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na neno la Mithali ulilolitaja limeanza kwa kusema "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote". Vijana wakifundishwa kwamba kila mtu afuate hisia zake, tutabaki na nini? Ushauri wangu ni kwamba utafute kanisa lenye uongozi mzuri na mchungaji mwenye hekima, ukae chini yake, naye atakuongoza hata katika jambo hilo la ndoa.

Jibu la Mwanakilifi

Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote, naomba kutofautiana nawe katika sehemu ya mwisho. Mimi naishi karibu na Malindi. Kuanzia Aprili 2023 tulikuwa tukisikiliza redio kila asubuhi, hesabu ya miili iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola ikipanda, mpaka ikapita 400, na wengi walikuwa watoto. Paul Mackenzie, mhubiri aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo na ambaye ameyakana mashtaka, alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017 kuhusiana na mafundisho yake yaliyopinga shule. Kabla ya mambo kufika kwenye kufunga hadi kufa, watu walikuwa wamezoeshwa hatua kwa hatua kuacha kuamini kile ambacho kila mzazi anakijua bila kufundishwa na mtu: mtoto mgonjwa apelekwe hospitali, mtoto mwenye njaa alishwe. Baadhi ya waliopotea tuliwajua kama majirani wema, wasikivu, wanaotii. Hawakupungukiwa utii. Na kule Kanungu nchini Uganda, ambako mamia walikufa mwezi Machi mwaka 2000, wafuasi wa kundi jingine la kidini walikuwa wamezuiwa kwa sehemu kubwa hata kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Mtu asiyeruhusiwa kusema na jirani yake hawezi kujua kwamba jirani naye ana shaka.

Simaanishi kwamba kundi alilokulia dada yetu ni sawa na hayo. Ninachosema ni kwamba kumtoa mtu chini ya kiongozi mbaya na kumweka chini ya kiongozi mwema, huku yeye mwenyewe akiwa hajui kupima, ni kumwachia bahati nasibu. Nani atakayempima huyo mwema? Utii wa nyumbani kwetu, mzee wangu, ule niliolelewa nao mimi pia, ulikuwa na milango. Baba akikasirika, ulikimbilia kwa bibi. Ukionewa, mjomba alikuja kikao kikakaliwa. Palikuwa na wakubwa wengi, na kwa kuwa hawakukubaliana kila mara, mtoto alijifunza kupima maneno yao. Mtoto aliyewekwa mbele ya mdomo mmoja hana nafasi hiyo. Na yale Maandiko hayaishii Mithali, kwani Paulo aliwaandikia Wathesalonike: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema". Hukumu ya kujaribu aliwaachia wasikilizaji.

Jibu la Ustadhi wa Pangani

Amani iwe kwenu. Nami niongeze kutoka upande wa pili wa dini zetu, maana jambo hili si la kanisa peke yake. Nimefundisha madrasa, na wapo walimu wanaodhani kwamba mwanafunzi anayeuliza amekosa adabu. Katika zile Hadithi Arubaini za Imamu Nawawi, ambazo watoto wengi wa pwani huzisoma, iko ya 27, inayomhusu Wabisa bin Maabad. Alikuja kwa Mtume kuuliza kuhusu wema na dhambi, akajibiwa autake moyo wake fatwa, yaani hukumu: wema ni ule ambao nafsi hutulia kwao, na dhambi ni ile inayosumbua kifuani, hata kama watu watakupa fatwa na kukupa tena. Wanazuoni wameeleza kwamba haya hayaondoi elimu wala sheria, na mimi nakubaliana nao. Lakini mtu aliyeambiwa aulize moyo wake amechukuliwa kuwa ana moyo unaofaa kuulizwa. Mzee wa Ukerewe ana haki ya kuogopa hisia zisizo na kiasi. Tiba yake si kuwanyima watu hukumu, bali kuizoesha hukumu hiyo ikiwa changa, mbele ya mwalimu anayekubali kuulizwa.

Hata katika siasa tumeligusa jambo hili. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka shule zimpe kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha anayojifunza, na imani ya msingi katika nafasi yake kama mtu huru na sawa na wenzake. Kama tulifanikiwa ni mjadala mwingine, na mrefu. Lakini ni wazi kwamba huko kudadisi hakukuja na wageni wa juzi.

Binti Kasulu

Nawashukuru nyote, na mzee wangu wa Ukerewe nakushukuru pia, kwa sababu umesema kile ambacho nusu yangu bado inakisema.

Mnasihi, swali lako la hesabu limenigusa mahali ambapo sikutarajia. Nimekwenda kutazama. Katika mafaili ya mwaka jana mwenzangu alirekebisha kitu kimoja, tarehe, na tarehe niliyoiandika mimi ndiyo iliyokuwa sahihi. Nakumbuka nilivyoikubali ile yake papo hapo na nikaomba radhi.

Ninayo maswali mawili. La kwanza, nikianza kuandika ninavyoona mimi, ninapata hofu kubwa, tumbo linakaza, na tulifundishwa kwamba hofu ya namna hiyo ni onyo kutoka juu. Nitatofautishaje hofu inayonionya na hofu niliyofundishwa? La pili linahusu mdogo wangu. Yuko darasa la sita. Wanasema hataendelea na sekondari.

Mnasihi Dodoma

Dada, kuhusu hofu, kigezo ninachowapa watu ni kuiuliza inamhusu nani na inataka nini. Hofu inayoonya huwa na kitu mahususi: mtu huyu alinidanganya kuhusu mshahara wake, barabara hii haina taa. Ukichunguza kitu hicho, hofu inapungua au inaongezeka kulingana na ulichokikuta. Hofu iliyofundishwa haijali ukweli unaoupata. Inakuja unapochagua chochote, hata rangi ya kitambaa, na inataka jambo lile lile kila mara, yaani uache kuchagua na umpelekee mtu mwingine. Ukiwa huna uhakika ni ipi, usibishane nayo. Subiri mwili utulie, hata kama ni hadi kesho, kisha uangalie tena. Kusubiri nako ni uamuzi wako.

Hilo lifanye pia kwa mchumba. Hauko chini ya amri ya kujua leo kama unampenda. Unaweza kutazama mambo unayoweza kuyaona: ukimwambia hapana kwa jambo dogo, anafanya nini? Ukibadilisha mawazo, anakukumbusha kwa ukali? Ukiwa naye unasema ulivyoona, au unajikuta unapanga majibu kama ulivyoyapanga Ijumaa? Mwambie wazi kwamba unahitaji muda. Atakavyolipokea ombi hilo kutakueleza mengi kumhusu.

Na ukitafuta mnasihi wa kukaa naye ana kwa ana, jambo ambalo ningependa ulifanye, mpime kwa kipimo hicho hicho. Akianza kukuamulia, hata kwa wema, mwache. Kazi yake ni kukaa nawe wakati unaamua.

Kuhusu mdogo wako, hapo sikushauri usubiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto ya elimu, ya matibabu, na pia ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki hizo zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka za serikali za mitaa. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumfuata, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Eleza mambo uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe: nani alisema hataendelea na shule, alisema lini, mbele ya nani. Shangazi anaweza kwenda pamoja nawe, lakini taarifa uiandike wewe kwa maneno yako kabla hamjaondoka nyumbani.

Mzee wa Ukerewe

Nimesoma yote. Juu ya huyo mtoto wa darasa la sita nakubaliana na mnasihi, tena usichelewe, binti yangu, maana mtihani wa kumaliza msingi ni mwakani na mambo yake huanza kupangwa mapema. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu wa shule yake naye apewe taarifa, na akupe nakala ya maendeleo ya mtoto darasani. Ofisi ya halmashauri itaiulizia.